Kuumia Jicho na Ulemavu wa Kuona

Ulemavu wa kuona ni upungufu wa kuona unaobaki hata baada ya tiba na miwani, ukamzuia mtu kutenda shughuli zake kama wengine. Maana yenyewe ni fupi, nami nisingeiandika lau neno hili lisingekuwa linatumiwa, kwenye mabaraza ya hapa Lamu, kwa kila jicho lililoingia wekundu. Juzi fundi seremala alirukiwa na kibanzi jichoni, na kabla ya magharibi watu walikwisha kusema kwamba amepata ulemavu wa kuona na kwamba akajiandikishe katika daftari la watu wenye ulemavu.

Ulemavu limetokana na kitenzi kulemaa, na kilema ni ndugu yake wa karibu. Utazame mwisho wa neno: kiambishi -vu hutaja sifa ya aliyekwisha kuingia katika hali fulani akakaa ndani yake, kama tunavyopata -tulivu kutokana na kutulia, -nyamavu kutokana na kunyamaa, na -legevu kutokana na kulegea. Aliyelemaa, basi, si aliyeumizwa jana, bali ni aliyebakiwa na hali hiyo. Wazee wetu, ambao kwa Kiamu husema mato pale wengine wasemapo macho, walijua kupambanua: huyu ana chongo, yule ana makengeza, na yule mwingine ni kipofu, wala jina moja halikuchukua nafasi ya jingine.

Kibanzi cha fundi kilikwaruza konea, ngozi angavu iliyotanda mbele ya mboni. Konea haina mishipa ya damu, lakini neva zake ni nyingi mno, ndiyo sababu mkwaruzo mdogo humliza mtu mzima, akakimbia mwanga na kuhisi mchanga chini ya kope. Hata hivyo tabaka lake la juu hujifunika upesi, na mikwaruzo mingi midogo hupona kwa siku moja hadi tatu. Daktari aonwe, kwa kuwa vijidudu vikiingia huweza kuacha kovu. Na ikiwa kilichoingia ni chokaa ya ujenzi, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja.

Usajili hauulizi uchungu. Nchini Kenya ni kazi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na hutanguliwa na tathmini ya madaktari. Shirika la Afya Duniani hulitazama jicho lililo bora kati ya mawili: uwezo ulio chini ya 6/18 huhesabiwa kuwa upungufu wa kuona wa wastani, na ulio chini ya 3/60 ni upofu, yaani hata kwa mita 3 mtu hatambui herufi ambayo jicho zima huitambua kwa mita 60. Kati ya vipimo hivyo viwili wamo watu wengi, na linalonihuzunisha zaidi ni kwamba baadhi yao hukaa nyumbani wakidhani daftari hilo ni la vipofu peke yao.

Kwa fundi wetu, tuseme jicho lake limekwaruzwa, na tumwombee afueni. Iwapo litabaki kovu la kumpunguzia kuona, apimwe macho yote mawili, na jina la hali yake lifuate kipimo.