Kulaza Matawi: Mwaridi Mwekundu Kwenye Ukuta Mdogo wa Pwani

Lalamiko ninalolipokea mara nyingi zaidi kutoka kwa wenye nyua ndogo hapa Tanga ni hili: mwaridi mwekundu walioununua ili upambe ukuta umerefuka mpaka ukaupita ukuta wenyewe, shina limekuwa tupu kuanzia chini hadi usawa wa kifua, na maua matatu au manne yaliyopatikana yamechanua kule juu, upande wa jirani. Mwenye mti huongeza mbolea, kisha maji, nao mti humjibu kwa kurefuka tena. Nimefanya kazi katika bustani za mwambao kwa miaka mingi, na ninapoitwa kuutazama mwaridi wa namna hiyo, kitu cha kwanza ninachobeba ni kamba ya mkonge.

Ingawa tunauita mwaridi wa kupanda ukuta, mti huu haupandi kwa uwezo wake wenyewe. Hauna nyuzi za kujisokota kama za mpasheni, wala vijizizi vya kushikilia mawe. Una miiba iliyopinda, ambayo porini huusaidia kuegemea vichaka vya jirani lakini ukutani haina cha kushika. Kila tawi, kwa hiyo, hukaa pale lilipofungwa, na jinsi lilivyofungwa ndiyo huamua wingi wa maua. Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka na kuyazuia macho, yaani vifundo vya kuchipulia, yaliyo chini yake yasichipue. Tawi likisimama wima, jicho la juu kabisa hutawala na mengine hubaki yamelala. Tawi hilo hilo likilazwa mpaka likakaribia kuwa sambamba na ardhi, utawala wa ncha hulegea, macho mengi katika urefu wake huamka, na kila moja hutoa kitawi kifupi kinachobeba ua au shada zima.

Ndiyo maana sikubali kwamba ukuta mdogo ni kikwazo. Ukuta wenye kimo cha mita 2 na upana wa mita 3 unaubeba mwaridi mmoja vizuri sana, mradi matawi yake manne au matano yatandazwe kama vijiti vya upepeo wa kujipepea, mengine kulia na mengine kushoto, yale ya nje yakiwa yamelala kabisa na yale ya kati yakiinama kiasi. Mimi hupitisha nyaya zilizo sambamba na ardhi, wa kwanza ukiwa sentimita 40 kutoka ardhini na kila unaofuata sentimita 40 juu ya uliotangulia, na huziacha sentimita 8 au 10 mbele ya ukuta ili hewa ipite nyuma ya majani. Misumari ya kawaida huliwa na chumvi haraka mno, nayo ikikatika usiku wa upepo wa kusi, mti mzima huanguka na matawi yake; nunua chuma kisichoshika kutu hata kama bei yake inauma.

Kulaza kunahitaji subira. Tawi jipya lenye rangi ya kijani iliyochanganyika na uwekundu hupinda bila shida, lakini likishakomaa na kuwa kama mti hukatika papo hapo linapolazimishwa. Ninapokuta tawi limeshaanza kukakamaa, hulivuta kidogo alasiri, likiwa limelegea kwa joto, nikalifunga, kisha nikarudi baada ya siku tatu au nne kulishusha tena. Kamba ya mkonge hufungwa kwa umbo la namba nane, kitanzi kimoja kwenye waya na kingine kikilizunguka tawi kwa ulegevu, kwa sababu tawi litanenepa na waya mtupu ungelikata. Palipo na nguzo ya baraza badala ya ukuta, matawi huzungushwa kwenye nguzo kama kamba juu ya mlingoti. Hapo pia hayasimami wima, na maua hutoka kuanzia chini.

Kuhusu kupogoa, niliwahi kuupogoa mwaridi wa ukutani kama vile nilivyokuwa nikiipogoa ile ya vichaka, yaani nikayafupisha matawi yote marefu hadi magotini, na mwaka mzima ulipotea mti ukiyajenga upya. Katika miaka miwili ya kwanza matawi makuu hayaguswi, isipokuwa yaliyokufa au kuvunjika. Baada ya hapo, hukatwa vile vitawi vya pembeni vilivyokwisha kuchanua, na kila kimoja huachiwa macho mawili au matatu. Vitabu vya Ulaya huelekeza kazi hii ifanywe wakati wa baridi mti ukiwa umelala, lakini mwaridi wa Pwani haulali. Mimi huifanya mwezi wa Julai, masika yakiwa yamekwisha na hali ya hewa ikiwa imepoa, na mchanuo mpya huja baada ya wiki sita hivi.

Sasa niuzungumzie udongo, maana hapa ndipo miche mingi inayoteremshwa kutoka Lushoto hupotelea. Kule, katika kimo cha mita 1,400 hivi, mche umezoea ubaridi wa usiku na udongo mwekundu wenye tindikali kiasi. Huku chini hukuta mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Mwaridi hupenda pH (kipimo cha tindikali) ya 6 hadi 6.5, na udongo wa matumbawe huvuka 7.5 kwa urahisi. Katika hali hiyo madini ya chuma yamo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyafyonza, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Wengi huiona rangi hiyo wakadhani ni kiu. Chini ya ukuta wa zamani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa chokaa ya ukuta na mabaki ya ujenzi yameshuka miaka yote hiyo mahali pale pale tunapotaka kupanda.

Dawa yake ni kuhama. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, umbali wa sentimita 45 kutoka ukutani, toa mawe yote, kisha jaza udongo mwekundu ulioletwa kutoka bara pamoja na mboji ya majani iliyoiva. Palipo na mwamba usiochimbika, pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati na kutobolewa chini hutosha kwa mwaridi mmoja, nalo lisimame mahali ambapo jua la alasiri halilipigi moja kwa moja, kwa kuwa mizizi huungua kabla ya majani. Samadi mbichi ya ng'ombe siitumii kabisa, kwani ina chumvi yake, na mwaridi ni miongoni mwa mimea ya bustani isiyovumilia chumvi. Kwa sababu hiyo hiyo, makumbi ya nazi, ambayo ni matandazo mazuri sana, yachunguzwe yametoka wapi: yaliyofukiwa ufukoni ili kutoa usumba yameshiba maji ya bahari, na lazima yaoshwe mara kadhaa kwa maji matamu. Visima vilivyo karibu na bahari navyo hubadilika. Maji yaliyokuwa matamu mwezi wa Juni huweza kuwa na ladha ya chumvi ifikapo Februari, na kingo za majani zikianza kukauka na kuwa za kahawia, yaonje maji kabla ya kulaumu jua.

Mchanga wenye joto una adui mwingine asiyeonekana, nao ni minyoofundo, ambao hushambulia mizizi na kuufanya mti udumae bila sababu inayoonekana juu ya ardhi. Wakulima wa mawaridi wa Florida, ambao mchanga wao unafanana na wetu kwa mengi, huubebesha, yaani huuunganisha, mwaridi wao juu ya mizizi ya mwaridi mweupe uitwao Fortuniana, ulioletwa Ulaya kutoka China katika karne ya 19 na Mskoti Robert Fortune, kwa sababu mizizi hiyo hustawi mchangani na kuwastahimili minyoo hao. Ukiupata mche uliobebeshwa, wa mizizi hiyo au mingineyo, kumbuka kuling'oa kila chipukizi linalotokea chini ya kiungo. Waridi jekundu ambalo watu husema "limegeuka jeupe" halikugeuka, bali mche wa chini umeushinda ule wa juu.

Mahali pa kupanda, ninapopewa uhuru wa kuchagua, huchagua ukuta unaotazama mashariki na uliokingwa dhidi ya kusi. Jua la asubuhi hukausha umande mapema, jambo lenye uzito mkubwa, kwa sababu kuvu wa madoa meusi huhitaji jani lililolowa kwa saa 7 hivi ili aingie. Jua la alasiri, kwa upande wake, huunguza kingo za petali nyekundu iliyokolea, ambayo hunyonya joto kuliko rangi nyingine. Maji humwagwa chini shinani. Isipokuwa kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikivuma na utitiri ukijificha chini ya majani, hapo mimi huyaosha majani kwa maji matamu asubuhi na mapema, upande wa chini hasa, nayo hukauka kabla ya adhuhuri yakiwa yameondolewa utitiri na chumvi kwa pamoja.

Katika aina nyekundu, tatu nazifahamu vizuri. Altissimo, iliyotoka Ufaransa mwaka 1966, ina petali saba tu, hivyo hukauka upesi baada ya mvua na haiozi ikiwa bado tumba. Dublin Bay, kazi ya Sam McGredy ya miaka ya 1970, haivuki mita 3 mara nyingi, na kwa ua mdogo ni tulivu kuliko zote. Lakini ninayoipenda ni Don Juan, iliyozalishwa na Mwitaliano Michele Malandrone na kutolewa mwaka 1958: nyekundu kama mahameli, yenye petali nyingi, inayostahimili joto, na zaidi ya yote inanukia. Kwetu, ambako mrashi bado hupitishwa arusini, waridi lisilo na harufu hunisikitisha. Wenye ndugu Oman huniuliza kama wanaweza kuleta vipandikizi vya waridi la Jabal al-Akhdar, lile la kutengenezea marashi. Huwaambia kwamba waridi lile ni la rangi ya pinki, huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, na huishi milimani katika mita 2,000 hivi, ambako linaupata ubaridi linaouhitaji. Huku chini litatoa majani.

Kuanzia mwaka wa nne, tawi kuu la zamani zaidi huanza kupunguza maua, na gome lake huwa la kijivu. Likate kutoka shinani kwa msumeno mdogo, moja tu kwa mwaka, lakini si kabla hujaona chipukizi nene likichomoza chini ya mti. Likifika urefu wa mkono, lielekeze kwenye nafasi iliyoachwa na lile lililoondoka, ulifunge kwa ulegevu lingali laini, na uendelee kulishusha kila wiki kadiri linavyorefuka, mpaka lilale juu ya waya wa kwanza.