Panya wageni kwa panya wenyeji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwenye panya wawili wa kufugwa akiongeza wawili wengine, ushauri atakaoupata mwingi una nia njema, lakini ndio unaozaa damu.

"Panga matundu mawili ubavu kwa ubavu, wazoeane harufu."

Kwanza ni maradhi. Virusi kama Sendai, kinachoshambulia mapafu, na kile cha sialodakrioadenitisi, kinachovimbisha tezi za mate na machozi, husafiri hewani, kwa hiyo tundu la pili ndani ya chumba kilekile si karantini. Wageni wakae siku 14 au zaidi katika nyumba isiyo na panya, hata kama ni kwa jirani. Chunguza chafya, pumzi yenye mlio, kujikuna, na ute mwekundu machoni au puani. Ute huo si damu, ni rangi iitwayo porfirini, na huzidi panya akiugua au akiwa na hofu. Pili, mwenyeji anayemnusa mgeni usiku kucha bila kumfikia hujaa hasira, na kidole kilichopenya waya hung'atwa.

"Wape nafasi kubwa ili wakwepane."

Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote. Penye nafasi kubwa kuna kona ya kulinda, njia ya kufukuzana, na mahali pa mwoga kujificha siku nzima asijuane na yeyote. Anza padogo, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuishi. Kwa panya wanne, kasha la kubebea la takriban sentimita 40 kwa 30, lenye hewa ya kutosha, linafaa. Tandika kitambaa tu. Usiweke nyumba wala bakuli, maana kitu kimoja hugombewa na wanne. Tawanya vipande vya tango, vitawapa maji pia. Joto likiwa kali, hasa mwambao, fanya asubuhi au jioni, kwani panya hawezi kutoa jasho la kumpoza.

Kaa hapohapo uangalie. Hatua inakamilika wakilala wakiwa wamerundikana, si wakitulia kila mmoja na pembe yake. Hilo laweza kuchukua saa moja, laweza kuchukua siku nzima. Kisha wahamishie kasha kubwa kidogo, halafu tundu lililosuguliwa kwa sabuni hadi harufu ya wenyeji iishe, likiwa na matandiko na chupa za maji tu. Bembea na vibanda rudisha kimoja kimoja kwa siku kadhaa, na kila kibanda kiwe na milango miwili, aliyebanwa apate pa kutokea. Ugomvi ukizuka, rudi hatua moja nyuma.

"Mdogo akilia, watenganishe haraka."

Kulia si kuumia. Mkubwa kumlaza mdogo chali na kumchambua manyoya kwa nguvu ni namna yao ya kupanga nani mkubwa. Ukikatiza kila mara, mpangilio hauishi, kesho wanaanza upya. Cha kuogopa ni manyoya kusimama wima, kutembea kiupandeupande kama kaa, kugonganisha meno na kutoa sauti ya kufoka. Hapo ongeza umakini. Wakiviringishana mpira mmoja au damu ikitoka, watenge kwa taulo nene au ubao. Mkono mtupu utang'atwa mpaka mfupani, wala si kwa ubaya.

Wapo wanaowapaka panya vanila mgongoni ili wote wanukie sawa, lakini huficha harufu kwa muda mfupi tu. Ikishakauka, mgeni ni mgeni.

"Hawa bado watoto, dume na jike hawana neno."

Jike hushika mimba akiwa na wiki tano tu, na huzaa baada ya siku 21 hadi 23. Kagua jinsia kabla ya kuwachanganya. Wala usimkutanishe mtoto wa chini ya wiki sita na dume mkubwa, hana mwili wa kustahimili misukosuko.

"Panya ni panya."

Panya buku, kama wale wanaofunzwa na shirika la APOPO Morogoro kunusa mabomu, ni spishi nyingine kabisa na huzidi kilo moja. Asiwekwe na panya wa kufugwa wa gramu 400. Panya wa mtaani pia asiingizwe: huweza kubeba leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza hata watu.

Dume wa miezi sita hadi kumi na miwili anayeendelea kujeruhi licha ya hatua zote hizo, mara nyingi ni homoni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe, kisha subiri wiki nne hadi sita kabla ya kurudia kasha dogo.