Ndugu yako akikamatwa, kadi ya CTC (kliniki ya wenye VVU) itangulie sabuni

Kila Siku ya UKIMWI Duniani, Desemba 1, inapokaribia, tunapokea maswali mengi kutoka kwa familia zenye ndugu gerezani, Kisongo hapa Arusha au Karanga kule Moshi. Wengi wanataka kujua kama ndugu yao ataambukizwa VVU akiwa ndani. Ni swali la haki, lakini linaruka jambo ambalo kwetu ni zito zaidi: wapo wanaoingia wakiwa tayari na virusi, na dozi yao hukatika siku zilezile za kwanza za mahabusu.

Mtu anakamatwa jioni, dawa zimebaki kabatini. Anaona aibu kumwambia askari, na nyumbani nao wananyamaza. Dozi ikikatika, virusi vilivyokuwa vimefubaa huanza kuzaliana upya na kinga hushuka. Kwenye selo iliyojaa watu, kifua kikuu hakimkawizi mtu wa namna hiyo.

Utaratibu ni huu. Leta kadi ya CTC, au nakili namba yake yenye tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo na sita za mteja mwenyewe. Dawa zije ndani ya kopo lake lenye lebo. Tafadhali msizifiche kwenye unga wa uji. Zikikutwa humo zitachukuliwa. Omba kuonana na mhudumu wa afya wa gereza, umweleze faragha. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka atunze siri hiyo.

Sahani, blanketi, choo na mbu haviambukizi VVU. Tumelisema hili miaka nenda rudi, na inasikitisha kuona mtu anatoka gerezani halafu nyumbani anatengewa bakuli lake. Hatari iko kwenye wembe unaonyoa watu kadhaa, sindano ya kuchorea tatuu, kujidunga dawa za kulevya, na ngono, hasa ya kulazimishwa. Hiyo ya mwisho watu hawapendi kuitaja. Kijana asiyetembelewa na mtu ndiye rahisi kurubuniwa kwa sabuni au sigara.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ngono kinyume cha maumbile, na kuambukiza VVU kwa makusudi ni miaka 5 hadi 10. Aliyelazimishwa hana kosa. Aseme mapema: dawa za kinga, yaani PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, kisha zinywewe siku 28 bila kuruka.

Anayetoka, awe amemaliza kifungo au amepata msamaha wa Rais wa Desemba 9, aombe barua ya uhamisho na dawa za kumfikisha kliniki ya karibu na kwao. Akitoka ghafla bila barua, aende hivyohivyo na namba yake. Kliniki haipaswi kumrudisha.