Kangaga la kwenye lava: pa kulichuma na pa kuliacha

Ukipita Goma kando ya ukuta wa mawe meusi, tazama pale simenti ilipopasuka. Utaona majani marefu membamba, kila moja lina vijani pande mbili kama meno ya kitana. Hilo ndilo kangaga. Hapa mjini wengi tunasema fujere. Jina lake la kitaalamu ni Nephrolepis.

Swali ninaloletewa mara nyingi ni la vidoa. Mtu amegeuza jani, ameona safu mbili za vidoa vya kahawia, akadhani ni mayai ya wadudu na kukimbilia dawa ya kupuliza. Acha dawa. Kangaga halina ua wala mbegu, na vidoa hivyo ndivyo uzazi wake. Kwaruza kimoja kilichokomaa, kitakuachia unga kwenye ukucha. Chembe ya unga huo hupeperushwa mbali sana, lakini haina akiba ya chakula kama punje ya haragi. Tena kimea kinachoota kutokana nayo ni kidogo, na bila utando wa maji seli yake ya kiume haiwezi kuogelea kuifikia ya kike. Kwa hiyo kangaga halianzii juu ya jiwe linalochomwa na jua. Linaanzia ufani, penye kivuli na unyevu.

Lava ya volkeno Nyiragongo iliyoingia mjini Januari 17, 2002 na kushuka hadi ziwani ilikuwa jiwe tupu. Kwanza ulikuja ule utando wa kijivu, Stereocaulon vulcani, ambao ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Makangaga yakafuata. Mizizi yake inanasa vumbi na majani yaliyooza, na huo ndio udongo wa mwanzo.

Kazi yake nyumbani ni pambo tu, na linapendeza kwenye chungu cha kuning'inia barazani. Si sumu kwa mbwa wala paka. Lakini si mboga. Sombe na lengalenga hazijatuishia.

Usilichanganye na jamaa yake mkubwa, Pteridium, anayeota kwenye malisho ya milimani, hasa palipochomwa moto. Jani lake ni pana, la pembetatu, limegawanyika na kugawanyika tena, na kila moja linatoka peke yake ardhini. Huyo ana sumu. Ng'ombe akimla muda mrefu anapata vidonda na uvimbe kwenye kibofu, anakojoa damu, na sumu hupita hata kwenye maziwa. Mkojo mwekundu unaweza pia kuletwa na ugonjwa wa kupe, kwa hiyo muite veterineri kabla ya kulaumu majani.

Hata hivyo, sumu ya Pteridium hainitii hofu kama mashimo. Makangaga mazuri yako kwenye mabonde ya lava, na humo ndimo mazuku hulala, hasa magharibi ya mji na kando ya ziwa. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu anazimia ndani ya dakika chache. Usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya, ndipo inapojaa. Ukiona mjusi, panya au ndege amekufa chini pale huku majani yamestawi, rudi nyuma. Mtoto anayeinama kuchuma yuko hatarini kuliko baba yake aliyesimama. Na mtu akianguka humo, usimfuate chini: wengi hufa wakiokoa. Ita watu, tafuta kamba, mvute kutoka juu.

Anayetaka la kupanda achukue la ukutani. Chini yake kuna vikonyo vyembamba kama waya vinavyotambaa. Kata kimoja chenye chipukizi na mizizi, kiweke kwenye chungu chenye kokoto za lava na udongo mweusi, kivulini, umwagilie mpaka jani jipya lianze kujikunjua.