Programu ya bure haipunguzi ubora wa sauti yako

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya wanamuziki: ukirekodi nyumbani kwa programu ya bure, sauti hutoka nyembamba, ya kulipia ndiyo yenye "uzito wa studio". Si kweli. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu na kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) kabla haijafika kwenye programu. Programu huzihifadhi na kuzijumlisha tu.

Jipimie mwenyewe. Chukua rekodi moja ya stereo ya WAV (faili la sauti lisilobanwa), isiyo na efekti, uihifadhi kama faili jipya ("export") kupitia programu zote mbili, ya bure na ya kulipia, kwa mipangilio ileile bila kugusa volyumu. Fungua mafaili hayo mawili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti, nayo ni ya bure), yaanze pamoja kabisa, moja uligeuze mawimbi yake juu chini kwa amri ya "Invert", kisha cheza yote. Yakiwa sawa, moja litalifuta jingine: utasikia kimya.

Kinachochanganya watu ni kwamba za kulipia huja na efekti na ala nyingi nzuri, na hilo lina thamani yake. Tena sikio hupenda sauti iliyo kubwa zaidi. Tofauti ya desibeli 1 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti) yaweza kuonekana kama ubora.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Pesa ikipatikana, mimi ningeanza na maikrofoni.