Yuti za Zamani za Australia: Yanayosemwa na Yanayosomeka Kwenye Bodi

"Pikapu tu hiyo, wameiga Wamarekani." Maneno haya nayasikia kila mgeni kutoka nyumbani anapoingia gereji yangu hapa jimbo la Victoria, Australia, na siwezi kuyaacha yapite. Gari ambalo Waaustralia huliita "ute" (hutamkwa yuti, wala halihusiani na ute wa yai) lilizaliwa huku. Mwaka 1932 mke wa mkulima wa Gippsland, eneo la mashamba la Victoria, aliwaandikia Ford akiomba gari moja la kumpeleka kanisani Jumapili bila kuloa, na Jumatatu libebe nguruwe hadi sokoni. Kazi akapewa Lew Bandt, kijana mbunifu wa kiwanda cha Geelong, na mwaka 1934 gari likatoka. Magari ya Wamarekani ya namna hii yalifuata baadaye: Ranchero ya Ford ilikuja 1957, El Camino ya Chevrolet 1959.

Magari ya mizigo yenye kibanda cha dereva kisichofunikwa yalikuwepo kabla yake. Alichofanya Bandt ni kuchukua kibanda kilichofunikwa cha gari la abiria na sehemu ya mizigo akavifanya bodi moja. Hapo ndipo ukaguzi wangu unapoanzia. Pikapu ya kawaida unafungua bolti, unashusha bodi ya nyuma, unaweka nyingine. Kwenye yuti, bati la ubavuni linatoka nyuma ya mlango mpaka kwenye taa bila kukatika. Likioza au likigongwa, litachomelewa, na mchomeleo huacha alama. Basi kabla sijagusa boneti hupitisha kiganja ubavuni taratibu, kisha sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa ili isikwaruze. Ikishika kwa nguvu, ni chuma. Ikiteleza, chini ya rangi kuna puti.

Wengi huamini namba ndiyo mwisho wa maneno: kibati cha namba ya gari kikiwa sawa na kadi, gari ni halisi. Kibati hushikiliwa na riveti mbili tatu, na riveti hutoka. Tazama kama rangi imezipita kwa namna ileile ilivyopita bati la pembeni, na kama kuna mikwaruzo ya bisibisi kuzizunguka. Kisha soma gari lenyewe. Kwa Holden, magari yaliyoundwa hukuhuku Australia, injini ni shahidi mzuri sana. Tangu modeli ya 48-215 ya mwishoni mwa 1948, na yuti yake ya 50-2106 iliyoanza kuuzwa 1951, Holden walitumia injini ya silinda sita inayojulikana kama ya kijivu. Injini nyekundu ilikuja na modeli ya EH mwaka 1963. Ukioneshwa yuti ya EJ, modeli iliyotangulia EH, yenye injini nyekundu, unaambiwa "haijawahi kufunguliwa", jua kwamba imebadilishwa. Lakini usiitegemee rangi pekee, maana kopo moja la rangi linatosha kudanganya. Tafuta namba iliyogongwa kwenye bloku na tarehe iliyotokea pale bloku ilipomiminwa kiwandani. Bloku iliyomiminwa baada ya gari kuundwa haikutoka nalo.

Hata hivyo, injini iliyobadilishwa si kosa la jinai. Magari haya yalikuwa ya shamba. Injini ikichoka, mkulima aliweka nyingine akaendelea na kazi. Kosa ni kuficha.

Sandman ya Holden ndiyo inayoigwa kuliko nyingi, kwa sababu michirizi na stika zake zinanunulika. Ilianza 1974 kwenye modeli ya HQ, ikauzwa kama yuti na kama gari la mizigo lililofunikwa. Na hapa kuna kosa la upande wa pili: watu huikataa Sandman ya kweli kwa sababu haina V8, yaani injini ya silinda nane. Zilitoka pia na silinda sita, ile ya inchi za ujazo 202. Nimeona mtu akiiacha yuti safi ya namna hiyo, akaenda kununua Kingswood, Holden ya kawaida, iliyovalishwa stika.

Kuhusu kutu, imani iliyoenea ni kwamba gari la bara, kule kukavu, haliozi. Ukavu unasaidia kweli. Lakini yuti ya shamba ilibeba mbolea na mawe ya chumvi ya kulambwa na mifugo, na vyote viwili hula chuma. Vumbi na makapi huingia ndani ya boksi za chini ya milango, yakaziba matundu ya kutolea maji, kisha mvua ya siku moja hukaa humo wiki nzima. Fungua mlango wa nyuma, pitisha kidole kwenye mkunjo wa chini upande wa ndani. Kidole kikirudi na unga mwekundu, bana bei ishuke au ondoka. Halafu inua mpira uliotandikwa kwenye sakafu ya mizigo. Huo mpira, ambao kila mtu anadhani unalinda, hushikilia maji. Magunia ya mchanga ya kuongeza uzito nyuma ni vilevile: yaweke siku ya safari ya mvua, uyashushe ukifika.

Utunzaji nao una mazoea mabaya yake. Kuwasha injini dakika tano kila wiki hakuisaidii: mvuke hubaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi, ukaozesha kutokea ndani. Liendeshe nusu saa, lipate moto sawasawa. Turubai la nailoni hufungia unyevu, kwa hiyo tumia kitambaa kinachopumua. Usiseme tairi ni nzuri kwa sababu kashata bado ndefu. Soma tarakimu nne ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Wapo wanaosema magari haya hayawezi kwenda bila petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilinda siti za valvu; lakini ilikoma Australia tangu 2002, na magari haya bado yanatembea. Siku silinda hedi itakapofunguliwa, weka siti ngumu za valvu. Petroli yenye ethanoli ndiyo ya kuepuka, kwani hulainisha mipira ya zamani na kuharibu kabureta.

Limebaki lile linaloniuma zaidi, kwamba rangi mpya huongeza thamani siku zote. Mwaka jana nililetewa yuti ya Holden HR ya 1966 niipige rangi yote. Ukingoni mwa sehemu ya mizigo, nyuma tu ya kibanda, rangi ilikuwa imechakaa mpaka kwenye praima, na mikwaruzo midogo imejipanga minne minne. Ni kucha za mbwa wa kondoo, aliyesimama palepale miaka mingi akishikilia kwenye kona. Rangi yenyewe ilikuwa ya kiwandani. Nilimwomba mwenye gari aniachie niisafishe tu, niitie nta, nitibu kutu ya mlango wa nyuma peke yake. Alifikiri siku tatu, akakubali. Mikwaruzo ile bado ipo.