Goti Lililokakamaa na Mfupa Uliogoma Kuunga

"Mama, hebu kunja goti."

Alikuwa ametoka Tukuyu na basi la alfajiri. Miezi 11 nyuma alianguka na bodaboda, paja likavunjika, akawekewa chuma. Akakunja. Nikaweka kiganja juu ya goti lenyewe: limetulia kama jiwe. Kilichopinda ni paja, vidole vinne juu ya goti, palepale lilipovunjika.

Eksirei ilionyesha sahani ya chuma imekatika, na hapo ndipo sisi madaktari hukosea. Tunakimbilia kuweka chuma kipya, kinene zaidi. Lakini goti likikaa miezi bila kukunjwa, misuli ya paja hugandamana na mfupa. Kila mgonjwa akijaribu kukunja, nguvu yote inaishia kwenye mvunjiko. Mfupa unacheza, hauungi, na chuma kinachoka kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukakatika. Badilisha chuma, liache goti lilivyo, na hicho kipya nacho kitakatika.

Kwa hiyo tulishughulikia vyote kwa upasuaji mmoja. Vipimo vya damu havikuonyesha maambukizi. Hata hivyo tulichukua vipande vitano vya nyama kutoka kwenye mvunjiko, vikaenda maabara, maana vijidudu hujificha. Penye usaha njia ni nyingine kabisa: unasafisha kwanza, kuunga baadaye. Tulitoa chuma kilichokatika, tukakwangua kovu lililojaa kati ya ncha za mfupa mpaka zikatoa vitone vya damu. Mfupa usiotoa damu haujawa tayari kuunga. Tukabandua misuli iliyogandamana, goti likaachia polepole. Pengo tukalijaza chembechembe za mfupa kutoka nyonga yake mwenyewe. Kipande cha chini ni kifupi, hakishiki skrubu nyingi, hivyo tukabana kwa sahani mbili, nje na ndani.

Kesho yake mazoezi yakaanza. Alilia, na mimi iliniuma, lakini siku ya kupumzisha goti hilo haikuwepo. Nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda asubuhi na jioni, mguu usioumia ukiusukuma ule uliovunjika nyuma.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji, mfupa ulikuwa umeunga. Goti linafika nyuzi 90. Kwenye daladala anakaa vizuri. Kuchuchumaa bado, na nilimweleza mapema kwamba huenda kusirudi.